Tukienda kula nje mume wangu anakuwa kama hayupo, naombeni ushauri

MamaPacha

Habari zenu wapendwa, samahani uzi utakuwa mrefu kidogo ila naombeni mnivumilie maana hili jambo limenikaa rohoni na sina wa kumwambia, nikiwaambia ndugu zangu litageuka kuwa jingine.

Mimi na mume wangu tuna miaka 19 ya ndoa, yeye ana 54 mi nina 45. Watoto wamekuwa wakubwa, kwa hiyo tangu mwaka juzi tulijiwekea utaratibu kila Jumamosi jioni tunatoka wawili tu tunaenda kula. Si sehemu za kifahari, migahawa ya kawaida ya karibu, mnakaa mnaagiza mnakula huku mnapiga stori mnarudi. Ilikuwa raha sana, nilikuwa nahesabu siku yani.

Sasa kama miezi nane hivi mambo yamebadilika. Tukifika tu anakuwa mpole ghafla. Menyu anaipitisha macho anaiweka, mhudumu akija ananigeukia mimi, nikiagiza anasema na mimi hichohicho. Nikiongea anaitikia ndio, ndio, anatabasamu, ananiangalia mdomoni tu, alafu hata sahani sijaimaliza anauliza tuondoke? Tukirudi anasema kichwa kinamuuma anaenda kulala.

Iliyonimaliza ni ya wiki mbili zilizopita. Mdogo wangu kapunguzwa kazini na ana watoto watatu, nikajizuia siku nzima nisubiri tukikaa mezani nimwambie mume wangu kwa utulivu. Nimeongea kama dakika kumi, machozi yananilenga, namaliza tu yeye anatabasamu ananiambia "safi sana, afadhali". Nilinyanyuka nikaenda chooni nikalia. Njiani namuuliza kwa nini umenijibu vile anasema sikumaanisha hivyo, nikamuuliza sasa ulimaanisha nini, kimya mpaka nyumbani.

Simu mezani hashiki kwa hiyo si simu. Na kinachonichanganya ni kwamba asubuhi tukiwa jikoni wawili anaongea vizuri tu na anacheka. Amenichoka? Huu utaratibu niuache au nimbane aseme ukweli?

Mtulivu

Pole dada. Mi nitaongea kama mwanaume, ukiona mtu anakaa kimya mgahawani angalia upande wa pesa kwanza. Kuna kipindi kazi yangu iliyumba na sikumwambia mke wangu, tukitoka kila anachoagiza mi nakijumlisha kichwani, stori zake zote zilikuwa zinapita pembeni nilikuwa nawaza bili tu. Na kuharakisha kuondoka ilikuwa hivohivo, nisije nikaagiziwa kingine. Mwambie siku moja leo nalipa mimi, uone kama atalegea.

bidada_wa_kweli

dada fungua macho, mwanaume anayecheka nyumbani asubuhi alafu jioni hana habari na wewe, mawazo yake yapo kwingine, mi yalinikuta hayahaya nikajipa moyo mwaka mzima, fuatilia mapema

Kisima

Bidada hapo juu sikubaliani na wewe. Mtu mwenye kwingine angeshapata sababu ya kutotoka Jumamosi. Huyu anatoka kila wiki, anakaa, anavumilia, anarudi na maumivu ya kichwa, na wiki inayofuata anaenda tena. Hapo kuna kitu kingine. Dada, ni mgahawa uleule kila wiki au mnabadilisha?

NesiWaZamu

MamaPacha nina maswali manne naomba unijibu kabla watu hawajakupeleka mbali.

Sauti ya TV nyumbani nani anaiongeza? Kazi yake ni ya kelele? Anaitikaje ukimwita akiwa amekupa mgongo? Na hiyo miezi nane, kuna chochote kilibadilika hapo mnapokula?

MamaPacha

Asanteni wote. Mtulivu, pesa si tatizo kwa sasa namshukuru Mungu, na mara nyingi nalipa mimi.

Kisima, ndio, karibu wiki zote ni palepale, tulipazoea.

NesiWaZamu, kiukweli maswali yako yamenishtua. TV watoto wanalalamika kila siku baba anaiweka juu. Kazi yake ni fundi seremala, yupo na mashine za kupiga randa na kukata mbao tangu ana miaka ishirini na kitu. Nikimwita kwa nyuma haitiki, nilikuwa nachukulia ni kiburi na nilishawahi kumgombeza. Na pale mgahawani walifanya ukarabati, zamani palikuwa na mapazia mazito na vitambaa mezani wakatoa vyote wakaweka vigae, vioo na spika mbili kubwa, pakapendeza kweli. Ndo nahesabu hapa naona ni kipindi hichohicho.

NesiWaZamu

Nilihisi. Dada, kumpima mtu kwa maandishi siwezi, ila nafanya kazi kliniki ya masikio na uliyoandika nayasikia kila mara kutoka kwa watu wanaowaleta wenza wao.

Sikio likichoka kwa umri au kwa kelele za mashine halizimi sauti zote kwa pamoja, linaanza kupoteza zile nyembamba za juu. Irabu zina nguvu zinabaki. Zinazopotea ni kama s, f, t, k, th. Kwa hiyo ukisema paka, taka, kaka, saka, yeye anapata "aka" nne zinazofanana na nyingine anabahatisha. Ndo maana watu hawa wanakwambia nakusikia na hawadanganyi, sauti yako inafika ila maneno hayafiki. Jikoni asubuhi mko wawili, kimya, anaona mdomo wako, anajua mnaongelea nini, anabahatisha vizuri mpaka humgundui. Mpeleke kwenye vigae na spika na meza kumi zinaongea, kubahatisha kunashindikana. Mapazia na vitambaa vilikuwa vinameza sauti, vigae na vioo vinairudisha.

Tena watu wenyewe wanaongeza. Daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, alilieleza hili mwaka 1911, mtu akiwa kwenye kelele anapandisha sauti bila kujua. Meza moja inapandisha, ya pili inapandisha ili ipite ya kwanza, na aliyeko kaunta naye anaongeza mziki. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60, yani kipimo cha ukubwa wa sauti. Mgahawa wa vigae na vioo uliojaa watu unaweza kupita 80. Kwa wataalamu wa usalama kazini desibeli 85 ndo mwisho kwa masaa 8, na kila zikiongezeka 3 mda unakatwa nusu, 88 masaa 4, 91 masaa 2. Mashine ya randa inapita 90 kirahisi, sasa piga hesabu miaka yake yote bila kuziba masikio. Zile seli za ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Ila msihukumu kabla ya kipimo. Inaweza kuwa nta tu imejaa, inatolewa siku hiyohiyo kliniki, na msiitoe wenyewe na vijiti vya pamba mtaisukuma ndani. Kuna programu ya bure ya simu ya Shirika la Afya Duniani inaitwa hearWHO ilitoka 2019, inakusikilizisha tarakimu tatu katikati ya kelele unaziandika, ni ya kuanzia tu, baada ya hapo aende kliniki. Na kwa wote mnaosoma, sikio likizima ghafla ndani ya siku moja au mbili hiyo ni dharura, usisubiri.

MzeeWaBustani

Binti yangu, mimi nina miaka 68 na nimesoma uzi wako mara mbili maana huyo mumeo ni mimi wa miaka kumi iliyopita.

Ngoja nikwambie anavyojisikia maana yeye mwenyewe huenda hatakwambia. Mhudumu anakuja anaongea haraka huku anaangalia karatasi yake, mimi napata nusu. Namwambia rudia. Anarudia palepale kwa haraka ileile. Mara ya tatu meza ya jirani inageuka. Basi unajifunza kusema "kama yeye". Nilikula miaka minne vitu ambavyo sivipendi kwa sababu ya hilo neno. Na mke wangu akiongea unakaza macho mdomoni, ukikosa neno moja unalitafuta, ukilipata yeye ameshakwenda mbele maneno ishirini, mwisho unaangalia uso wake tu, unaitikia ndio na kutabasamu ukiomba Mungu iwe ni habari njema. Ile "safi sana" ya mumeo mimi naijua ilikotoka. Na kichwa kuuma ni kweli, unarudi nyumbani kama ulikuwa unapasua mawe.

Nilificha kwa sababu niliona nitaonekana mzee. Usiende kumwambia "wewe husikii", atakataa na atajifungia. Mke wangu alifanya hivi, tulikaa mahali pana kelele akaniambia "mimi hapa sikusikii vizuri, tuhamie pale kona". Tukahama. Tulikaa masaa mawili siku hiyo. Wakati wa kurudi ndo akaniuliza taratibu kama na mimi kule kwa mwanzo nilikuwa sisikii, na sikuona aibu kumjibu. Sasa navaa vifaa vya kusikia masikio yote mawili, si kama sikio la ujana, ila chakula naagiza mwenyewe.

Mtulivu

Mzee umenigusa sana. Dada naondoa ushauri wangu wa pesa, fuata huu.

MhudumuWaMeza

Nimehudumu meza miaka 11 naomba niongeze ya upande wetu. Mkitaka kuongea fikeni mapema kabla watu hawajajaa, lisaa limoja tu linabadilisha kila kitu. Msikubali meza iliyo chini ya spika, karibu na mlango wa jiko, karibu na kaunta ambako vyombo na blenda haviachi kulia. Meza nzuri ni ya kona, yeye mgongo wake uwe ukutani. Kuomba mziki upunguzwe si ugomvi, watu wanaogopa bure, ila usimwombe mhudumu anayekimbia na sahani nne, nenda kaunta mwambie kwa upole na mara nyingi utasaidiwa. Na kama unaweza piga simu mchana uombe hiyo meza uwekewe. Sisi tukiambiwa kwamba mteja anapenda aongeleshwe taratibu akiwa anatutazama tunafanya, shida ni kwamba hatuambiwi, tunaona mtu kanyamaza tunadhani kachukia.

NesiWaZamu

Mhudumu umesema vizuri sana. Nyongeza ndogo, mwanga uangukie uso wa MamaPacha usiwe nyuma yake, maana shemeji anasoma midomo hata kama hajui kwamba anasoma. Na kaeni kwenye pembe ya meza, si kila mmoja upande wake. Umbali ukiupunguza nusu sauti yako inamfikia na karibu desibeli 6 zaidi bila kupiga kelele. Kupiga kelele kwanza kunaharibu maneno.

bidada_wa_kweli

dada nisamehe kwa nilichoandika, nilikuwa naongea kwa kidonda changu. utupe mrejesho

MamaPacha

Wapendwa nimerudi na mrejesho, nilisubiri Jumamosi mbili zipite.

Ya kwanza nilipiga simu mchana nikaomba meza ya kona, ila si pale tulipopazoea, nilitafuta kasehemu kengine kadogo hakana spika na kana mapazia. Tulifika bado jua lipo. Nikakaa pembeni yake kwenye pembe. Mhudumu alipokuja nilinyamaza makusudi nikawa natazama menyu, na moyo unanidunda kweli maana niliogopa atanigeukia tena. Aliagiza mwenyewe. Kitu tofauti na changu. Wengine mtaona dogo hilo.

Aliongea yani sikumbuki mara ya mwisho kuongea hivo nje ya nyumba. Tukiwa tunarudi nikafanya kama mzee alivyosema, nikamwambia kule kwingine mimi mwenyewe sikuwa nasikia vizuri, we je? Akanyamaza hatua kama kumi hivi. Alafu akasema ni mda sasa, akasema hata karakana wanamwita mara tatu, na kwamba ile siku aliniona nina machozi akadhani ni ya furaha kwa sababu alipata neno "kazi" tu, akafikiri mdogo wangu kapata kazi. Nililia tena ila siyo kama kule chooni.

Kliniki ameenda juzi. Nta ilikuwepo sikio moja wakaitoa, kapata nafuu kidogo, ila kipimo kimeonyesha zile sauti za juu zimeshuka masikio yote mawili na wamesema ni kelele za kazi. Tunarudi wiki ijayo kuongea kuhusu vifaa, na ameshanunua vizibo vya masikio vya karakana, vyake na vya vijana wake wawili.

Jumamosi ya pili tulirudi palepale kadogo. Sahani zimeshatolewa, mi nikajua ndo atauliza tuondoke, akasogeza kiti chake karibu akaniambia haya, nianzie mwanzo ile habari ya mdogo wangu.