Leza ya vipele vya usoni kwa mwenye TSC, nani ameshafanya?

Mama wawili: Jamani naombeni uzoefu. Binti yangu ana miaka 13, ana TSC (tuberasi sklerosisi, ugonjwa wa jeni unaootesha vivimbe mwilini), tulijua akiwa na sita baada ya kifafa kumsumbua, kabla ya hapo vile vipele vya puani na mashavuni tukaambiwa chunusi, mtoto wa miaka mitano eti chunusi! Matyubu tumepaka weee. Sasa amevunja ungo ndo vimezidi, pembeni ya pua vimejazana kama punje za ulezi, akijifuta na taulo damu hiyo. Daktari kataja leza. Vinaisha kabisa? Na ngozi yetu nyeusi haiachi madoa?

Pua_Ngumu: Pole mama, mi ninayo na nimepigwa leza. Kuisha kabisa hapana, vinarudi maana tatizo liko kwenye jeni. Ya kwangu ilikuwa ile ya kaboni dayoksaidi, inakwangua vilivyoinuka, kuna nyingine inalenga mishipa ya damu hiyo inapunguza wekundu tu, vinene haiviwezi. Ganzi walichoma ila harufu sasa, kama kichwa cha mbuzi kikibabuliwa. Wiki nzima uso unatoa maji kisha magaga, napaka vaselini tu. Pua ikalainika kweli, mwaka na nusu hivi vikachomoza tena. Doa jeusi shavuni lilikaa miezi minane.

nesi wa ngozi: Mwambieni daktari ajaribu leza kasehemu kadogo kwanza, na kama kwenu kuna makovu ya kuvimba semeni mapema. Jua binti asikae nalo. Ila mi ningeulizia dawa ya sirolimasi ya kupaka kabla ya leza, Japani waliikubali 2018, Marekani 2022 geli ya asilimia 0.2 kuanzia miaka 6. Vidogo vinasikia dawa kuliko vinene, ukiacha vinarudi, ndo maana wengine wanakwangua kwanza halafu wanapaka. Akipigwa nusu kaputi dawa za kifafa zisirukwe bila daktari kusema, na figo zipimwe hata kama haumwi popote, maana TSC hugusa figo pia.

Mama wawili: Asanteni, hapo kwa mbuzi nimecheka peke yangu kwenye daladala. Mdogo wake ana doa jeupe mgongoni kama jani, niogope?

nesi wa ngozi: Moja hata watoto wasio na TSC wanalo, yakifika matatu ndo tunashtuka kuwa huenda ni TSC. Mpeleke wammulike na ile taa ya zambarau gizani, mengine hayaonekani kwa macho.