Tupeane uzoefu: wenye kisukari mlioambiwa "mafuta yako yapo sawa"

Kijana wa Mbagala: Wakuu, mzee wangu ana kisukari aina ya pili kwa miaka mingi. Kila akipima mafuta ya damu anaambiwa LDL (ile kolesteroli mbaya) 2.5, hana tatizo. Majuzi akatokwa jasho jingi na kichefuchefu, kifua hakimuumi, tukadhani vidonda vya tumbo. Kupimwa umeme wa moyo, kumbe ni shambulio la moyo. Waliopitia haya, tuambieni.

Shangazi Tanga: Pole mwanangu. Marehemu mume wangu ilikuwa vivyo hivyo. Kisukari kikila mishipa ya fahamu, maumivu ya moyo hayasikiki. Sisi tulimpa maji ya tangawizi usiku kucha.

Mfamasia mstaafu: Mkuu, tusomee HDL, ile kolesteroli nzuri, na trigliseraidi, mafuta mengine ya kwenye damu.

Kijana wa Mbagala: HDL 0.8, trigliseraidi 3.6, kolesteroli jumla 4.9.

Mfamasia mstaafu: Basi karatasi ilikuwa inapiga kelele, wao wakasoma mstari mmoja. Insulini ikishindwa kazi, ini humwaga mafuta mengi kwenye damu: trigliseraidi juu, HDL chini, na chembe za LDL zinakuwa ndogo ndogo na nyingi. Kipimo cha kawaida cha LDL kinaonyesha kolesteroli iliyobebwa, hakihesabu chembe zinazoibeba. Abiria mia wakipanda basi moja la mwendokasi barabara inapitika. Wagawe kwenye bajaji uone foleni. Na zinazojipenyeza kwenye ukuta wa mshipa ni hizo chembe zenyewe.

Kila chembe ya LDL ina protini moja iitwayo ApoB, kwa hiyo ukipima ApoB umehesabu chembe. Kama hapo mlipo hakipimwi, toa HDL kwenye jumla: 4.9 kutoa 0.8 ni 4.1. Mwenye kisukari tunataka awe angalau chini ya 3.4, na akishapata shambulio, chini zaidi ya hapo.

Bishoo la Sinza: Halafu watampa statini, hizo dawa za kushusha kolesteroli, zinazoleta kisukari. Acheni biashara za wazungu.

Mfamasia mstaafu: Sukari zinaipandisha kidogo, kweli, hasa kwa aliye mlangoni mwa kisukari. Mzee yeye alishaingia ndani. Utafiti wa CARDS wa 2004, Uingereza na Ayalandi, ulichukua wagonjwa wa kisukari zaidi ya 2,800 wasio na historia ya moyo, LDL zao hazikuwa za kutisha. Atorvastatini, mojawapo ya hizo statini, miligramu 10 ilipunguza matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa 37%. Biashara gani hiyo?

Dereva wa Tunduma: Mimi nilisusa kitimoto mwaka mzima, trigliseraidi ziko pale pale. Daktari akaniuliza nashushia nini safarini. Soda, na bia nikishafika. Nilivyoacha hivyo viwili zikashuka karibu nusu. LDL ilitikisika kidogo tu, dawa nameza mpaka leo.

Kijana wa Mbagala: Ahsanteni. Kesho kliniki. Afunge kula?

Mfamasia mstaafu: Kwa ApoB na ile hesabu ya kutoa HDL, hapana, hasa kama anatumia dawa za kushusha sukari. Akiambiwa arudie trigliseraidi, hapo ndipo amuulize daktari namna ya kufunga. Beba karatasi zote za zamani.

Shangazi Tanga: Na uingie naye ndani. Wazee wakiulizwa wanajibu "sijambo" tu.