Nianzie wapi: mashine ya santuri, amplifaya au spika?

Jalada Jekundu aliuliza:

Salaam wakuu. Nimekuwa nikikusanya santuri kwa muda sasa, nyingi zikiwa LP za inchi 12 zilizokwisha kutumika, pamoja na ndogo za inchi 7 na chache za zamani sana za mizunguko 78 kwa dakika. Hadi leo nazipigia kwenye kimashine cha mkoba chenye spika zake ndani, na kwa kuwa zipo santuri ambazo sitaki kabisa ziharibike, nataka kununua vyombo vya kufaa. Fedha niliyo nayo haitoshi kununua kila kitu kwa mkupuo, hivyo itanibidi ninunue kimoja, nisubiri, kisha nitafute kingine.

Naomba kujua nianzie wapi. Je, ni kweli kwamba kimashine cha aina hii kinazila santuri? Na kwa nini wimbo wa mwisho wa kila upande husikika vibaya kuliko wa kwanza, hasa mwimbaji anapotamka herufi "s", hata kwenye santuri isiyo na mkwaruzo wowote? Ninayo pia amplifaya niliyokuwa nikiitumia kwa kaseti, yenye tundu la kuingizia sauti kutoka nje, kama inaweza kufaa.

Mizani na Sindano alijibu:

Ndugu Jalada Jekundu, anza na mashine, na unapoichagua, tazama kwanza mkono, katriji (kile kidude mwishoni mwa mkono kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme) na sindano. Spika dhaifu itakupunguzia raha ya leo, na kesho unaweza kuibadilisha. Sindano nzito au iliyolika huondoa kitu ndani ya mfuo wa santuri, yaani ule mstari uliochimbwa ambamo sindano hupita, na hakuna amplifaya itakayokirudisha.

Vimashine vingi vya mkoba hutumia katriji ya kauri, inayohitaji uzani wa gramu 4, 5 au hata zaidi juu ya sindano ili isiruke, na mkono wake hauna uzani wa nyuma wa kurekebishia. Katriji ya sumaku, ambayo ndiyo iliyozoeleka kwenye mashine nzuri, nyingi hufanya kazi kwa gramu 1.5 hadi 2 hivi. Kwa kuwa sindano hugusa eneo dogo mno la ukuta wa mfuo, gramu hizo chache zinazozidi huwa mgandamizo mkubwa sana pale zinapoangukia. Santuri haiharibiki kwa kupigwa mara moja, ila ile usiyoweza kuipata tena ningeiacha ndani ya jalada hadi mashine mpya ifike.

Sasa wimbo wa mwisho. LP huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika tangu mwanzo hadi mwisho, lakini duara linazidi kuwa dogo kadiri sindano inavyosogea katikati. Ukingoni mfuo hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 50 hivi kwa sekunde, na karibu na lebo hubaki kama sentimita 21 tu. Mawimbi yaleyale ya sauti hulazimika kubanwa katika urefu usiofikia nusu ya ule wa awali, na kwa kuwa sauti kali kama "s" zina mawimbi mafupi zaidi, sindano yenye ncha ya duara hushindwa kuingia katika vipinda vyake. Ncha ya duaradufu, ambayo ni nyembamba ubavuni, huvifuata vizuri zaidi, mradi katriji imefungwa kwa pembe iliyo sahihi. Fedha ikiruhusu nyongeza moja tu, iwe hiyo ncha.

Mashine utakayoinunua iwe na uzani wa nyuma unaozungushwa, kirekebishi cha kuzuia mkono usivutwe kuelekea katikati, na sindano inayoweza kubadilishwa. Kama sahani inayobeba santuri inazungushwa kwa mkanda au na mota iliyo chini yake moja kwa moja, hilo lisikusumbue sana: mkanda ni rahisi kubadilisha, na mota ya moja kwa moja, kama ya Technics SL-1200 iliyotoka mwaka 1972, hushika kasi upesi na hudumu miaka mingi.

Fundi Besi alijibu:

Namheshimu mwenzangu hapo juu, ila kuhusu mgawanyo wa fedha nina maoni tofauti. Kinachobadilisha sauti ya chumba kuliko chombo kingine chochote ni spika na mahali zilipowekwa. Chukua mashine ya kawaida yenye sifa alizozitaja, ibaki na katriji yake, kisha sehemu kubwa ya fedha ielekeze kwenye spika, hata zikiwa zimetumika. Ukienda kuzikagua, vua kitambaa cha mbele na utazame pindo linaloshika koni ya besi: pindo la sponji huoza kwa umri hata kama spika haikuguswa, na likishaanza kumeguka kwa kidole, ujue litahitaji kubandikwa jingine. Isukume koni taratibu kwa vidole vilivyoachana, ili ishuke sawasawa pande zote; ukisikia mkwaruzo ndani, koili imeharibika au imekaa upande, na hiyo iache. Uliza pia idadi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ambayo spika hutoa kwa wati 1. Spika ya desibeli 84 huhitaji nguvu mara nne ya ile ya desibeli 90 ili zisikike kwa kiwango kimoja, na amplifaya ndogo inaweza kuelemewa.

Kuhusu amplifaya yako ya kaseti, itafaa, lakini si peke yake. Katriji ya sumaku hutoa milivolti 3 hadi 5 hivi, wakati kicheza CD hutoa kama volti 2. Zaidi ya hapo, wakati santuri inapokatwa, besi hupunguzwa ili mfuo usiwe mpana ukamaliza nafasi, na sauti za juu huongezwa ili ziushinde mchakacho wa uso wa santuri. Kigezo kilichoenea cha kufanya hivyo ni cha RIAA, chama cha kampuni za santuri za Marekani, cha mwaka 1954, na amplifaya ndogo ya fono ndiyo inayorudisha besi, kushusha sauti za juu na kukuza umeme wa katriji kwa pamoja. Ukichomeka mashine kwenye tundu la kawaida bila amplifaya hiyo, utasikia sauti ndogo, nyembamba, isiyo na besi. Mashine nyingi za sasa huwa nayo ndani, pamoja na swichi ya kuizima nyuma. Ukiiacha imewashwa na bado ukachomeka kwenye tundu la fono la amplifaya, sauti itakuwa kubwa, nzito na iliyovurugika. Ukisikia mvumo usioisha, tazama ule waya mwembamba wa ethi wenye kichwa cha panda kama umebanwa kwenye skrubu yake.

Kitu kimoja tu nasisitiza: spika zisiwekwe juu ya meza ileile ya mashine. Mtikisiko wa besi hupanda hadi kwenye sindano, hukuzwa tena na amplifaya, na huzunguka hivyo hadi chumba kizima kikangurume.

Jalada Jekundu:

Nawashukuru sana, wakuu. Nimeelewa kwamba mashine ndiyo itakayotangulia, na amplifaya yangu itabaki kwa sasa pamoja na amplifaya ndogo ya fono. Naomba mnifafanulie mambo mawili: uzani wa mkono unarekebishwaje, na zile santuri za 78 nazo zinaweza kupigwa kwa sindano hiyohiyo?

Mizani na Sindano alijibu:

Kwanza hakikisha mashine imekaa sawa kwa kutumia pima maji. Vua kifuniko cha sindano, weka kizuia mvuto (kile kirekebishi cha kuzuia mkono usivutwe katikati) kwenye sifuri, kisha zungusha uzani wa nyuma hadi mkono uelee wenyewe sambamba na sahani, usishuke wala kupanda. Wakati huo uweke mkono wako chini yake, kwani sindano ikigonga chuma inaweza kuvunjika. Mkono ukitulia, shikilia uzani usizunguke, geuza pete yenye namba peke yake hadi isome sifuri, ndipo uzungushe vyote pamoja hadi gramu zilizoandikwa na mtengenezaji wa katriji. Usiogope kufika kiwango hicho ukidhani chepesi zaidi ndiyo salama: sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfuo na kuupiga kuta. Kizuia mvuto kianze na namba ileile ya uzani, na chaneli ya kulia ikikwaruza kuliko ya kushoto, kiongeze kidogo.

Santuri za 78 zina mfuo mpana zaidi. Ncha ya LP ina nusu kipenyo cha mikromita 18 hivi, wakati mfuo wa 78 hutaka ncha ya mikromita 65 hadi 75. Ile ndogo huzama hadi chini penye vumbi na kutoa kelele. Nunua sindano ya pili inayoingia kwenye katriji hiyohiyo, na uthibitishe kabla ya kulipa kwamba mashine ina kasi ya 78, maana nyingi huishia 45.

Kuhusu spika nakubaliana na Fundi Besi kwamba ndizo zinazosikika zaidi. Mpangilio wa ununuzi tu ndio siubadilishi.

Rafu ya Wima alijibu:

Niongeze kidogo. Kabla sindano mpya haijagusa santuri iliyotumika, ioshe, kwa sababu vumbi lililoshikamana ndani ya mfuo huila sindano na ukuta kwa pamoja. Zile za 78 zilizotengenezwa kwa shelaki (aina ya utomvu mgumu) usizipake kabisa kitu chenye spiriti, kwa kuwa spiriti huyeyusha shelaki. Zote zihifadhi zikiwa zimesimama wima na zimeegemezwa vizuri, mbali na jua. Zilizolazwa moja juu ya nyingine huelemewa na kupinda, na iliyopinda sana hakuna mkono utakaoifuata sawasawa.