Kikundi cha ukoo: safari ya Cusco, Peru

Neema: Shikamooni. Inti Raymi, ile sherehe ya jua ya Wainka, ni Juni 24. Tukitua Cusco tarehe 23 jioni si inatosha?

Mjomba Elia: Marahaba. Haitoshi kabisa. Cusco ni mita 3,400, yaani kati ya vituo vya Mandara na Horombo kule Kilimanjaro. Ila Horombo mgeni anafika kwa miguu siku ya pili. Nyie mnatoka Lima, usawa wa bahari, kwa ndege, mwendo wa saa moja na kidogo tu. Kichwa kitawagonga usiku uleule.

Mama Mdogo: Tueni tarehe 20, msilale mjini. Chukueni gari moja kwa moja hadi Urubamba au Ollantaytambo, kama mita 2,800. Tarehe 22 ndiyo mpande Cusco.

Neema: Na Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko?

Mjomba Elia: Kwa kawaida miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Mwenye mzio wa salfa amwone daktari kwanza. Kukojoa sana na ganzi ya vidole ni kawaida. Mtu akiyumba akitembea, au akihema huku amekaa, hapo si habari ya kidonge tena. Ashushwe.

Baraka: Chai ya koka je?

Mama Mdogo: Kule ni halali. Ila majani yake msirudi nayo nyumbani. Na wewe unayepimwa mkojo kazini, usiiguse, hata kikombe kimoja kinaweza kuonekana.

Neema: Tiketi?

Mama Mdogo: Kuna sehemu tatu. Kama saa 3 asubuhi Qorikancha, hekalu la jua, kisha Plaza de Armas, uwanja wa katikati ya mji, zote bure, mnasimama. Mchana ni Saqsaywaman, magofu ya Wainka juu ya mji, na majukwaa ya huko yanalipiwa. Asiye na tiketi hukaa kilimani, lakini lazima awahi asubuhi, kwa hiyo zile mbili anazikosa. Bora mlipe. Njia ya kupanda ni ngazi tupu 😅

Mjomba Elia: Pole pole!

Baraka: Lama, yule mnyama kama ngamia mdogo, anachinjwa kweli kwenye sherehe?

Mama Mdogo: Siku hizi ni maigizo. Sherehe yenyewe Wahispania waliipiga marufuku karne ya 16, ikafufuliwa 1944. Maneno yote ni Kikechua, lugha ya Wainka, kwa hiyo someni mpangilio mapema: Sapa Inka, yaani mfalme, anabebwa kwa machela, analisalimu jua, halafu inafuata chicha, pombe ya mahindi.

Neema: Nguo?

Mama Mdogo: Usiku nyuzi zinakaribia 0, mchana jua linaunguza. Jaketi, mafuta ya jua, kofia pana. Mwavuli acheni, walio nyuma watawazomea.

Neema: Basi nabadilisha ndege iwe tarehe 20.