Naomba ushauri: faili la babu wa mama mkwe limefika kutoka Kyiv

Ndugu zangu, mke wangu ni Muukraine. Sheria ya 2015 ilifungua nyaraka za polisi wa siri wa Kisovieti, nasi tukaomba faili la babu yake mama mkwe.

Miaka ya 1950 familia iliambiwa alifia kwenye kambi ya wafungwa kwa ugonjwa wa moyo. KGB, yaani polisi hao wa siri, walidanganya hivyo familia nyingi mno, tena kwa maagizo. Ukurasa wa mwisho ni kikaratasi kidogo kama kiganja: hukumu ya "troika", watu watatu walioamua bila wakili wala mshtakiwa kuwepo, na chini yake tarehe aliyopigwa risasi, 1938. Amri namba 00447 ya polisi wa siri, ya Julai 1937, ilikuwa imeshagawia kila mkoa idadi ya watu wa kuuawa. Idadi kwanza, makosa baadaye! Imeniuma sana.

Kinachonikosesha usingizi ni shahidi aliyetajwa kwenye faili dhidi ya babu. Ni jirani yake, na wajukuu wa jirani huyo hadi leo wanashinda kwa mama mkwe. Ila ushahidi wa siku zile mara nyingi ulipatikana kwa vipigo, au mpelelezi aliuandika mwenyewe.

Mama ana miaka 78. Nimpe faili zima, au nimweleze kifo tu, jina la jirani nilifiche? Mliowahi kubeba siri ya ukoo, mlifanyaje?