Mrejesho: nyuso za penseli zinazotoka zimepinda
Niliuliza kwa nini nyuso ninazochora hutoka na paji fupi, na picha ikisimamishwa huonekana imevutika kwa juu. Asanteni sana, majibu yamefanya kazi.

Kosa kubwa lilikuwa macho kukaa juu mno. Mstari wa macho hupita katikati kabisa, kati ya utosi na kidevu. Tunaupandisha kwa sababu tunatazama uso na kusahau fuvu lililo chini ya nywele. Upana wa kichwa ni kama macho matano, na kati ya jicho na jicho huingia jicho moja. Tumia HB (penseli ya ugumu wa kati) kwa mkono mwepesi, mstari ufutike bila kuacha mfereji kwenye karatasi. 4B, iliyo laini na nyeusi zaidi, isubiri vipimo vikae sawa. Hapa ndipo wengi tunaharakisha.

Kuvutika kulitokana na karatasi kulazwa mezani: ukiitazama kwa mshazari, sehemu ya juu huonekana fupi, nawe unairefusha bila kujua. Iegemeze kwenye ubao ulioinuliwa.

Kila baada ya dakika 10, itazame picha kwenye kioo. Jicho lililopanda huonekana papo hapo.