"Cha Kutumaini Sina" kwa mtindo wa sasa: washirika wananyamaza beti ya pili

Besi_Malindi: Bwana asifiwe. Kikundi cha sifa hapa Malindi kinaupanga "Cha Kutumaini Sina" kwa mapigo manne badala ya matatu. Vyombo ni kinanda, gitaa, besi, drami na kayamba. Ki (kimo cha sauti cha wimbo) ni G, mwendo mapigo 84 kwa dakika. Beti ya kwanza kanisa lote linaimba, ya pili wanatuachia sisi wenye maiki. Kosa liko wapi?

Mwalimu_wa_Kwaya: Ndugu, anza na mkazo wa maneno. Edward Mote aliyaandika kwa Kiingereza mwaka 1834, na tuni ni ya William Bradbury, 1863. Mstari wa Kiingereza huanza na silabi nyepesi, ndiyo maana noti ya kwanza hutangulia pigo zito. Kiswahili ni kinyume. Hesabu: Cha-ku-tu-ma-i-ni-si-na. Silabi nane, na uzito uko kwenye ya 1, 3, 5 na 7. Kwa tuni ya zamani pigo zito linaangukia "ku", na ile noti ndefu ya mwisho inakalia "na" wakati sisi tunasema SI-na, BWA-na. Kwa kinanda peke yake haisumbui. Mkiweka drami inasikika kama watu wanajikwaa.

Kwa mapigo manne, "Cha" ikae juu ya pigo la kwanza kabisa: Cha-ku-tu-ma kipimo kimoja (yaani fungu moja la mapigo manne), i-ni-si-na kipimo cha pili. Ngoma ya mguu ipigwe 1 na 3 tu. Utashangaa jinsi "Kwake Yesu nasimama, ndiye mwamba, ni salama" inavyolala hapo, kama ilitungwa hivyo. Ila mstari sasa hauna pa kupumulia: baada ya kila mistari miwili ongeza kipimo kimoja kitupu, na mwendo ushuke hadi 72.

Sauti_ya_Tatu: Nakubaliana na mwalimu, lakini ki nayo inawaumiza. Kiitikio ndipo sauti inapopanda. Mwimbishe mama wa safu ya nyuma bila chombo. Akikaza shingo, shusha hadi F. Gitaa aweke kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye kizuizi cha tatu, apige maumbo ya D.

Jambo la pili, kodi za muziki, yaani noti zinazopigwa pamoja. Kinanda wa siku hizi anapenda kuweka Am mahali pa C. Wanakwaya wenye kuimba kwa kitabu bado wanashika noti ya G iliyo ndani ya kodi ile ya C, basi inagongana na kodi mpya. Ama kodi zibaki za kitabuni, ama beti mbili za kwanza waimbe wote sauti ya kwanza, sauti nne zije kwenye kiitikio.

Kayamba_Gede: Mimi nisingeyaacha mapigo matatu. Wale wa Hillsong, kanisa la Australia, mwaka 2012 walichukua beti za Mote wakatunga tuni mpya na kiitikio kipya. Huo ni wimbo mwingine, na ni sawa. Lakini mkibaki na tuni ya Bradbury, ipelekeni 6/8, yaani mapigo sita mepesi kwa kipimo, mafungu mawili ya matatu. Kayamba itikiswe mara sita, mkazo kwenye 1 na 4, besi apige hizo mbili peke yake, drami akae kwenye ukingo wa ngoma tu. Wazee wataimba walivyozoea, vijana watacheza.

Besi_Malindi: Asanteni sana. Kiitikio cha mwisho turudie?

Mwalimu_wa_Kwaya: Mara mbili. Ya kwanza zima vyombo vyote, acha kayamba na sauti za watu.